Sura ya Tatu: Galaksi Nne Juu ya Busia

Swali ambalo watu hulirudia kila nyota zinapotajwa ni hili: ziko ngapi? Wengi huambiwa kwamba hazihesabiki, na mazungumzo yakaishia hapo. Lakini nyota tunazoziona kwa macho matupu zilikwisha kuhesabiwa zamani. Ukijumlisha anga lote la dunia, kaskazini na kusini, usiku ukiwa na giza la kutosha, mtu mwenye macho mazima anaweza kuona nyota zipatazo 9,000. Haoni zote kwa mkupuo, maana nusu ya anga iko chini ya miguu yake, na zile zilizo karibu na upeo humezwa na vumbi na unyevu. Kwa wakati mmoja ataona elfu mbili au tatu hivi.

Kinachostahili kushangaza zaidi ni kwamba nyota zote hizo 9,000 ni za galaksi moja, hii yetu. Galaksi ni kundi kubwa mno la nyota, gesi na vumbi, lililoshikamanishwa na mvutano wake lenyewe. Na mtu aliyesimama Busia au Tororo, bila chombo chochote mkononi, anaweza kuona galaksi nyingine tatu mbali na hii aliyomo. Wakazi wa miji mingi mikubwa ya dunia hawawezi kuziona zote kutoka kwao, hata taa zote zikizimwa. Sura hii inaeleza kwa nini sisi tunaweza, na wataalamu walijuaje kwamba yale madoa hafifu angani ni galaksi nzima.

Faida ya kukaa karibu na ikweta

Mstari wa ikweta unapita Maseno, kwenye barabara ya kutoka Kisumu kwenda Busia. Mji wa Busia uko kama kilomita 50 tu kaskazini mwa mstari huo, na Tororo iko mbele kidogo. Kwa mtazamaji wa anga, mahali hapa ni pa thamani kubwa.

Dunia inajizungusha, na anga huonekana kama linazunguka juu yetu. Ukiwa mbali na ikweta, sehemu moja ya anga hujificha chini ya upeo mwaka mzima. Mkazi wa London hauoni Msalaba wa Kusini akiwa kwao, na mkazi wa Cape Town haioni Nyota ya Kaskazini. Karibu na ikweta hakuna fungu kubwa la anga linalofichwa. Kila nyota huchomoza, ikakaa juu muda wa saa kumi na mbili hivi, kisha ikazama. Mwezi Mei, mvua ikikatika, toka nje saa tatu usiku: kusini utauona Msalaba wa Kusini umesimama, na ukigeuka nyuma utaziona nyota saba za Dubu Mkubwa upande wa kaskazini.

Adui yetu ni mwanga. Taa za kituo cha pamoja cha mpakani, kile kilichozinduliwa mwaka 2018, pamoja na taa za malori, maduka na viwanda, huufanya usiku wa Busia kuwa wa rangi ya kijivu. Toka nje ya mji, nenda upande wa Samia kuelekea ziwani, au vijiji vilivyo mbali na barabara ya Tororo. Halafu yape macho yako nusu saa ya giza bila kutazama simu. Ukiwasha simu kwa dakika moja tu, anza kuhesabu nusu saa upya.

Nyota ni nini hasa?

Nyota ni mpira mkubwa wa gesi yenye joto kali inayotoa mwanga wake yenyewe. Jua ni nyota. Linaonekana kubwa kwa sababu liko karibu, basi. Zile nyingine ni majua ya mbali, na baadhi yao ni makubwa kuliko letu mara mamia.

Mwanga wa nyota hautokani na moto kama wa kuni. Katikati ya Jua joto hufikia nyuzi milioni 15, na gesi iitwayo hidrojeni, iliyo nyepesi kuliko zote, hubanwa mpaka chembe zake zinaungana na kuwa gesi nyingine iitwayo heliamu. Kila sekunde Jua huunganisha tani zipatazo milioni 600 za hidrojeni. Kati ya hizo, tani kama milioni nne hugeuka kuwa nishati, na hiyo ndiyo inayokausha mahindi na mihogo yetu iliyoanikwa barazani. Jua limekuwa likifanya hivyo kwa miaka bilioni 4.6, na lina akiba ya kama bilioni tano nyingine.

Rangi ya nyota hueleza joto lake. Mwezi Januari, kama saa nne usiku, tazama juu utosini. Utaona nyota tatu zilizojipanga mstari: huo ni mkanda wa Jabari, kundi ambalo mabaharia wa pwani yetu walilijua vizuri. Kwetu hapa mkanda huo hupita karibu kabisa juu ya kichwa. Upande wake wa kaskazini kuna nyota nyekundu, Betelgeuse, na upande wa kusini kuna nyota nyeupe inayoelekea samawati, Rigel. Nyekundu ndiyo yenye joto dogo zaidi, ijapokuwa ni pana mno: kama ingewekwa mahali pa Jua letu, ingeimeza dunia.

Hapa nigusie jambo moja linalowachanganya watu. Kile tunachokiita nyota inayoanguka si nyota. Ni kimondo, yaani kipande cha mwamba kutoka angani kinachowaka kwa joto kali kinapoingia hewani kwa kasi. Majirani wa Tororo wanalijua hili kwa kushuhudia. Mchana wa tarehe 14 Agosti 1992, mwamba mmoja ulipasuka juu ya Mbale na vipande vyake vikanyesha mjini na vijijini. Kimoja kidogo, cha gramu chache, kiligonga mgomba kwanza, kikapoteza kasi, kisha kikampiga mvulana kichwani bila kumdhuru. Kama ingekuwa nyota halisi iliyoanguka, dunia yote ingegeuka mvuke kabla haijafika.

Lori la kwenda kwenye nyota ya jirani

Umbali wa nyota ndio unaowashinda watu wengi, kwa hiyo tuchukue kipimo ambacho kila mtu wa mpakani anakijua. Kutoka bandari ya Mombasa hadi Busia ni kilomita 950 hivi. Tuseme lori linakwenda kilomita 80 kwa saa, halisimami kwa chakula wala mizani, na dereva halali. Litafika Busia kwa saa kumi na mbili.

Kwa mwendo huohuo, lori litafika Mwezini baada ya miezi sita na nusu. Kufika kwenye Jua litachukua zaidi ya miaka 210; atakayeshuka ni kitukuu wa kitukuu wa aliyeondoka, kama si mtoto wa huyo. Na kufika kwenye nyota iliyo karibu zaidi baada ya Jua, Proxima Centauri, litahitaji miaka kama milioni 57.

Ndiyo maana kilomita huachwa, na badala yake hutumika mwaka wa nuru. Huo ni umbali, si muda: ni mwendo ambao mwanga husafiri kwa mwaka mmoja. Mwanga hukimbia kilomita 300,000 kwa sekunde, na hakuna kinachoupita. Hutoka Jua na kutufikia kwa dakika nane na ushei. Kutoka Proxima huchukua miaka minne na miezi mitatu hivi. Kutoka Kilimia, kile kishada cha nyota ambacho wakulima wetu wamekitazama tangu zamani ili kujua majira ya kulima, huchukua miaka ipatayo 440. Kwa hiyo Kilimia unachokiona leo ni cha wakati Wareno walipokuwa wakigombania Mombasa.

*Kwa ufupi hadi hapa:*

- Nyota ni jua la mbali. Linawaka kwa kuunganisha chembe za hidrojeni.
- Mwaka wa nuru ni umbali ambao mwanga husafiri kwa mwaka.
- Kutazama mbali angani ni kutazama zamani.

Saruji, mbolea na dhahabu

Nyota huzaliwa, huishi, hufa. Ile ya kiasi, kama Jua, huvimba uzeeni ikawa nyekundu, kisha ikapeperusha gesi yake polepole na kubakiza kiini kidogo cheupe kinachopoa. Kubwa kweli, yenye uzito wa majua nane na kuendelea, hufa kwa kishindo. Mafuta yake yakiisha, kiini huporomoka ndani kwa muda usiofika sekunde moja, na nyota iliyobaki hulipuka. Mlipuko huo huitwa supanova, na kwa wiki kadhaa nyota moja inaweza kung'aa kama mamia ya mamilioni ya majua.

Hili halikutokea zamani za kale tu. Usiku wa kuamkia tarehe 24 Februari 1987, Ian Shelton, aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha Las Campanas nchini Chile, alisafisha picha aliyokuwa amepiga ya galaksi ndogo ya jirani na kukuta nyota angavu mahali ambapo haikuwapo. Alitoka nje, akainua uso, akaiona kwa macho yake. Supanova hiyo ilionekana kwa macho kwa miezi kadhaa, na anga la Busia na Tororo lilikuwa nayo upande wa kusini. Mwanga wake ulikuwa umesafiri miaka kama 160,000.

Kwa nini mkazi wa mpakani ajali mlipuko wa mbali namna hiyo? Kwa sababu anaishi juu ya masalia ya milipuko ya aina yake. Ulimwengu ulipoanza ulikuwa na hidrojeni na heliamu, karibu hakuna kingine. Vitu vizito zaidi vimepikwa ndani ya nyota, vikatawanywa zilipokufa, vikachanganyika na mawingu ya gesi ambamo nyota mpya na sayari zilizaliwa baadaye. Mawe ya chokaa yanayosagwa Tororo kuwa saruji yana kalsiamu, na kalsiamu hutengenezwa na kutawanywa na nyota zinazolipuka. Vilima vya Osukuru, nje ya mji huo, vina fosfeti inayotengenezewa mbolea. Fosforasi iliyomo humo ilitoka kwenye nyota kubwa zilizokufa kabla Jua halijawaka. Chuma kilicho kwenye udongo mwekundu nacho kilipikwa na nyota zilizolipuka, na chuma cha damuni mwako pia.

Dhahabu ni habari ya pekee. Busia ya Uganda ina wachimbaji wadogo wengi, maeneo ya Tiira na kwingineko. Hushuka shimoni kwa kamba, hupandisha mawe, huyasaga na kuyaosha kwa maji, na mwisho wa kazi hutia zebaki kwenye karai ili ikusanye punje zisizoonekana. Zebaki ikichomwa, hubaki kidonge cha njano kisichofika ukubwa wa kichwa cha kiberiti. (Moshi wa zebaki ni sumu, na ninawaombea wachimbaji hao wapate njia nyingine ya kuikusanya dhahabu yao.) Kwa muda mrefu haikujulikana vizuri dhahabu hupikwa wapi. Tarehe 17 Agosti 2017, vyombo vya Marekani na Italia vilinasa mtikisiko kutoka galaksi iliyo umbali wa miaka ya nuru kama milioni 130, na darubini nyingi zikaelekezwa huko. Nyota mbili za nyutroni zilikuwa zimegongana. Nyota ya nyutroni ni kiini kinachobaki baada ya supanova: uzito unaozidi wa Jua zima uliobanwa ndani ya mpira ambao kipenyo chake ni pungufu ya umbali wa Busia hadi Tororo. Mwanga wa mgongano ule ulionyesha kwamba vitu vizito vya jamii ya dhahabu vilikuwa vikitengenezwa pale pale. Inaelekea sehemu kubwa ya dhahabu ya duniani, ya Tiira ikiwemo, ilianzia kwenye migongano ya namna hiyo.

Njia Nyeupe, mtaa wetu

Julai na Agosti, mahali penye giza, utepe mweupe hukatiza anga toka upeo hadi upeo. Ndio Njia Nyeupe, galaksi yetu tukiitazama kutoka ndani. Ina umbo la duara bapa lenye mikono inayojipinda, na upana wake ni kama miaka ya nuru 100,000. Ina nyota zisizopungua bilioni 100, pengine mara mbili au tatu ya hizo. Weupe unaouona ni nyota nyingi mno ambazo jicho haliwezi kuzitenganisha, na yale mabaka meusi katikati yake ni mawingu ya vumbi yanayoficha nyota zilizo nyuma.

Jua halipo katikati. Liko kama miaka ya nuru 26,000 kutoka kitovu, na huchukua zaidi ya miaka milioni 200 kukizunguka mara moja. Kitovu chenyewe kiko upande wa kundi la Mshale, ambalo kwetu hupanda juu sana kusini. Huko kuna shimo jeusi, yaani kitu kizito kilichobanwa kiasi kwamba hata mwanga hauwezi kutoka, lenye uzito wa majua kama milioni nne.

Mchango wa eneo letu katika kuyajua mashimo meusi haupewi nafasi unayostahili vitabuni. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikitimiza miaka saba ya uhuru, setilaiti ya Marekani ilirushwa kutoka jukwaa la Waitalia la San Marco, baharini karibu na Malindi. Pwani hiyo ilichaguliwa kwa kuwa iko karibu na ikweta, ambako mzunguko wa dunia huisaidia roketi kwa kuipa kasi ya ziada. Setilaiti ikapewa jina Uhuru. Ilikuwa ya kwanza kutengenezwa kwa kazi ya kupekua anga kutafuta eksirei, mionzi ambayo hewa ya dunia huizuia isitufikie. Vipimo vyake viliwasaidia wataalamu kutambua kwamba Cygnus X-1, chanzo kimoja kikali cha mionzi hiyo, yaelekea ni shimo jeusi linalonyonya gesi ya nyota mwenzake. Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi hiyo, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2002.

Waliopima kusini wakaijua kaskazini

Hadi miaka mia moja iliyopita, wataalamu walikuwa bado wanabishana kama kuna kitu chochote nje ya Njia Nyeupe. Lile doa la kundi la Andromeda, ambalo Abdurrahman al-Sufi wa Uajemi aliliandika kuwa wingu dogo katika karne ya 10, lilikuwa nini? Gesi ya karibu, au ulimwengu mwingine wa nyota ulio mbali? Hakuna aliyeweza kusema, kwa kuwa hakuna aliyeweza kupima umbali wake.

Tatizo utalielewa ukisimama usiku kando ya barabara ya Malaba. Taa hafifu unayoiona mbali inaweza kuwa ya lori lililo kilomita tano, au ya bodaboda iliyo mita mia tatu. Ukijua kwa hakika kwamba ni lori, na unajua taa za lori zina nguvu kiasi gani, utaukadiria umbali. Bila hilo unabahatisha.

Aliyepata njia ya kuitambua taa alikuwa Henrietta Leavitt, aliyefanya kazi katika kituo cha astronomia cha Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, kwa malipo ya senti 30 kwa saa. Kazi yake ilikuwa kukagua picha za nyota zilizopigwa kwenye vioo. Vioo vilivyomhusu zaidi vilitoka Arequipa, Peru, kwa sababu Wingu Dogo la Magellan, doa jingine hafifu lililo upande wa kusini wa anga, halionekani kutoka Harvard. Humo alichunguza nyota ambazo mwanga wake hupanda na kushuka kwa mpangilio. Mwaka 1912 alionyesha, kwa nyota 25, kwamba ile inayochukua siku nyingi zaidi kupanda na kushuka ndiyo yenye nguvu zaidi. Kwa kuwa zote ziko katika wingu moja, umbali wao kutoka kwetu ni karibu sawa, hivyo tofauti ya mwanga ilikuwa ya kweli. Kuanzia hapo, kuhesabu siku kulitosha kuijua nguvu ya taa.

Leavitt alifariki mwaka 1921. Miaka miwili baadaye, Oktoba 1923, Edwin Hubble aliiona nyota ya aina ileile ndani ya doa la Andromeda, kupitia darubini kubwa ya Mount Wilson, California. Alihesabu siku zake, akatumia kanuni ya Leavitt, na jibu likawa mbali mno kuweza kuwa ndani ya Njia Nyeupe. Alipata miaka ya nuru kama 900,000. Leo tunajua ni milioni 2.5. Ubishi uliisha.

Uvumbuzi huo ulihitaji vipande viwili vya anga, kimoja cha kusini na kimoja cha kaskazini, na vioo ilibidi visafirishwe kwa meli kutoka bara hadi bara. Kwetu vipande hivyo husimama pamoja usiku mmoja wa Desemba, kimoja mbele yako na kimoja mgongoni. Ningependa kila mwalimu wa sayansi wa Busia na Tororo awatoe wanafunzi nje wakalione jambo hili.

Pa kutazama

- *Njia Nyeupe:* Julai na Agosti, saa tatu usiku, kutoka utosini kushuka kusini.
- *Wingu Kubwa la Magellan:* Desemba hadi Februari, kusini. Nyoosha mkono, pima ngumi mbili juu ya upeo. Liko miaka ya nuru kama 160,000, na ndilo lenye supanova ya 1987.
- *Wingu Dogo la Magellan:* Oktoba hadi Desemba, kusini, chini kidogo ya ngumi mbili. Miaka ya nuru kama 200,000.
- *Andromeda:* Oktoba hadi Desemba, kaskazini, katikati ya upeo na utosi. Doa refu hafifu. Tazama pembeni yake kidogo, nalo litajitokeza.

Mwanga wa Andromeda unaofika leo uliondoka wakati viumbe wa jamii yetu walipokuwa wakichonga mawe. Zana zao zimechimbuliwa Nyayanga, kwenye rasi ya Homa ng'ambo ya ghuba ya Ziwa Viktoria, na umri wake umekadiriwa kuwa kati ya miaka milioni 2.6 na 3. Darubini kubwa za siku hizi zimeonyesha kwamba nyuma ya hizi nne zipo galaksi nyingine mamia ya mabilioni, ila hizo zinahitaji vyombo. Hizi nne zinahitaji usiku usio na mwezi mwanzoni mwa Desemba, kuanzia saa nne. Anza na kusini, kwa kuwa Wingu Dogo ndilo linalotangulia kufifia.